Mwaka Wangu Bila Chumvi

Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa Chanika alinisimamisha nikitoka dukani, akamshusha mtoto aliyembeba mgongoni. "Saumu, hebu mtazame huyu. Watu wananiambia amenenepa." Nilimbonyeza mtoto mguuni kwa kidole, juu kidogo ya kifundo. Nilipokiondoa kidole, shimo lilibaki pale pale. Nikamwambia asipoteze siku nyingine, kesho apande gari la asubuhi ampeleke Korogwe. Kisha nilirudi nyumbani nikakaa kibarazani mpaka chai ikapoa, maana shimo lile nalijua. Miaka minane iliyopita lilikuwa mguuni kwangu.

Yule mama alinifuata jioni akataka nimweleze yote. Nilimweleza, na sasa nayaandika kwa ajili ya wengine. Mimi si daktari. Ukitaka kujua figo inafanya kazi gani, waulize waliosomea. Mimi nitakwambia mambo ya kwenye benchi, ya sufuria la makande, na ya rafiki zangu wawili ambao bila wao nisingekuwa na la kuandika.

Nilikuwa darasa la tano, nina miaka kumi na moja. Mvua za vuli zilikuwa zinaelekea kwisha. Nilianza kuvimba macho, na kila aliyeniona alinisifia. Bibi yangu, mzaa baba, alinishika mashavu akasema mjukuu wake amenawiri. Fundi alifumua sare yangu akaipanua kiunoni, akacheka kwamba mama ananilisha ugali usiku kwa siri. Baba alikuwa Kwamsisi shambani, aliporudi akanibeba juu akasema mzigo umekuwa mzigo. Hata mimi nilifurahi, sitasema uongo. Nilikuwa mwembamba tangu kuzaliwa na sasa nilikuwa na mashavu.

Asubuhi macho yalikuwa hayafunguki. Niliiona dunia kupitia ufa mwembamba. Kuku, moto, miguu ya mama, vyote vilipita polepole na ukungu wake, kama vile bado naota. Kwenye saa nne ndipo macho yalifunguka na ndoto ikaisha. Sikumwambia mtu. Nilidhani ndivyo watu wanene wanavyoamka.

Aliyegundua ni Ashura, jirani yetu na mwenzangu wa dawati moja, mtoto mwenye mdomo usiojua kupumzika. Tulikuwa tunavua viatu mlangoni, akaona alama ya soksi imezama mguuni kwangu.

"We Saumu," akasema, "wewe hujanenepa. Wewe umejaa maji."

Alikwenda mwenyewe kumwambia mama. Siku ya tatu tulikuwa njiani kwenda Korogwe.

Ile safari naikumbuka kwa mkonge. Mistari na mistari ya mkonge ikipita dirishani, imenyooka, na mimi nikiihesabu mpaka usingizi ukanichukua na kuiendeleza ndotoni. Hospitalini tulikaa kwenye benchi refu, kila mama na daftari la mtoto wake mkononi. Daftari la shule lile lile la kawaida, lakini humo ndani daktari anaandika na mtoto hasomi. Mama alikuwa amelivisha langu gazeti lisichakae. Nilijifunza benchi lile lina sheria zake: ukisogea, na wa nyuma anasogea, na hakuna anayemuuliza mwenzake mtoto ana nini mpaka mwenyewe aanze. Mama mmoja alinipa robo ya chungwa bila kusema neno. Nimekula machungwa mengi tangu siku hiyo na bado lile ndilo nalikumbuka.

Nililazwa wiki tatu. Mama alilala kwa shangazi Old Korogwe, si mbali na mto, na kila siku aliniletea uji. Nilikunywa vidonge vingi asubuhi, vichungu hata ukivimeza haraka. Vilinipa njaa ya ajabu na ndoto ndefu. Ndoto moja ilijirudia: maji yaliyomo mwilini mwangu yamesikia mto unapita, nayo yanataka kutoka yaende kwao. Yanagonga tumboni taratibu, yananiomba njia. Nilimsimulia muuguzi wetu, Sista Hilda, Msambaa wa milimani, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole.

"Basi tuwafungulie wageni wako waende," alisema. "Lakini nyie Wazigua mnapenda sana wageni, ndiyo maana hawaondoki."

Bibi, aliyekuja kunitazama siku hiyo, alimjibu kwamba Wasambaa ndio wageni, wameshuka milimani kutafuta chakula. Walicheka wote wawili wakashikana mikono. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bibi akicheka tangu nilazwe.

Siku ya kutoka, Sista Hilda alimpa mama mambo matatu. La kwanza, vidonge bila kuruka hata siku moja. La pili, uzi mwekundu mrefu. "Kila asubuhi kabla hajala, mzungushie tumboni, upite kitovuni. Pale uzi unapokutana, funga fundo. Mafundo yakiingia ndani, maji yanatoka. Yakienda nje, mniletee." La tatu, nisile chumvi. Hata chembe.

Nilirudi shule. Siwezi kusema nilirudi kwa miguu, kwa sababu miguu haikutosha. Ashura alikuja na baiskeli ya kaka yake. Na hapa ndipo aingie Nasieku. Nasieku alikuwa mtoto wa Kimasai, boma lao liko nje ya mji upande wa mbuga, na alitembea saa nzima kuja darasani. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa mwenzetu wa tatu kwenye dawati. Mimi nilikaa nyuma kwenye keria, Ashura akashika usukani, Nasieku akasukuma kwa nyuma. Hivyo ndivyo nilivyokwenda shule kwa miezi mitatu. Wakati mwingine nilisinzia pale juu, nikisikia Ashura anasimulia na Nasieku anapumua, na njia ikipita chini yangu bila kunidai chochote.

Uso wangu ulikuwa wa duara kwa sababu ya dawa, na vinyweleo vilinitoka mashavuni. Darasani wakaniita Boga. Ashura aliwatangazia kwamba atakayesema Boga atapewa jina lake na yeye, na majina anayo tayari. Wakanyamaza, maana walimjua.

Shuleni tulikula makande, kila mzazi ameleta mahindi na maharage. Mama alizungumza na mpishi, Mama Zuhura, naye akakubali kunichotea bakuli langu kabla hajatia chumvi. Siku ya kwanza nilikaa nalo pembeni nikaona aibu. Nasieku akaja na kijiko chake, akakaa. Ashura akafuata.

"Nendeni mkale yenu," nikawaambia.

"Tunakula haya," akasema Nasieku.

Ashura alionja, akafumba macho. "Jamani. Kama kula gazeti." Lakini alimeza. Wakaapa pale pale, kwa utani na kwa kweli pia, kwamba mchana hawatakula chumvi mpaka siku nitakayoila mimi. Vijiko vitatu, bakuli moja, kila siku ya shule.

Kila asubuhi walinipokea mlangoni kwa swali moja: "Fundo limekwenda wapi?" Wiki za kwanza lilikwenda ndani. Kisha likasimama. Kisha masika ikaanza, na fundo likaanza kutoka nje.

Nilivimba upya, safari hii mpaka tumbo likang'aa. Nikilala chali nilikosa pumzi, kwa hiyo nililala nimeegemea mgongo wa bibi, tumekaa kitandani wote wawili, mvua ikinyesha juu ya bati. Kati ya usingizi na kuamka sikuweza kutofautisha maji ya nje na ya ndani. Nilihisi nyumba nzima imejaa na sisi tunaelea polepole. Sikuogopa. Nalisema hili kwa wazazi: mtoto mgonjwa wakati mwingine haogopi, anayeogopa ni anayemshika. Mapigo ya moyo wa bibi mgongoni kwangu yalikuwa ya haraka sana.

Tulirudi Korogwe. Daktari alitazama mkojo, akaukubali. Akatazama tumbo, akalikataa. "Dawa inafanya kazi," alimwambia mama. "Lakini maji hayatoki. Kuna chumvi inaingia mahali." Akatoa wiki mbili. Tumbo lisipopungua, nitapelekwa hospitali kubwa, mbali, na hakuna anayejua kwa miezi mingapi. Nje kwenye benchi, Sista Hilda alituambia lile alilolimezea daktari: maji yalikuwa yanapanda kifuani, na yakishajaa huko mtoto anazama akiwa nchi kavu.

Chumvi inaingia mahali. Mama alirudi na neno hilo Chanika kama mtu aliyeambiwa kuna mwizi ndani. Alianza na bibi. Hakumtuhumu waziwazi, huyo ni mama mkwe wake, lakini alihamisha kopo la chumvi chumbani kwake akalifungia sandukuni. Bibi aliona. Jioni hiyo hakula. Alisema kwa Kizigua, akiutazama moto, kwamba amelea watoto saba na hakumwua hata mmoja. Baba alipiga simu kutoka Kwamsisi, na kila mmoja akamwambia mambo yake, naye akasikiliza mpaka salio likaisha.

Kisha mama akaja kwangu. "Nani anakupa chumvi shuleni?"

Sasa nifike mahali ambapo mpaka leo panaunguza. Nilikuwa nimelamba chumvi. Mara moja tu, mwezi wa pili, Ashura aliponunua mihogo ya kukaanga getini kabla ya kengele. Chumvi ya pilipili ilibaki kiganjani mwake, nikaushika mkono wake nikalamba kabla hajauvuta. Alinipiga kofi la bega akalia yeye. Kwa hiyo mama aliponiuliza, niliamini mimi ndiye niliyejiharibia. Nikanyamaza.

"Ni yule wa Kimasai?" mama akauliza. "Yule anayekuja na vibuyu vya maziwa?"

Nilinyamaza tena. Kunyamaza huko kulikuwa jibu, na nililijua ni jibu.

Kesho yake mama alikwenda shuleni. Nasieku akahamishwa dawati, akaambiwa asinikaribie wala asifike nyumbani kwetu. Hakujitetea. Alichukua daftari zake akaenda nyuma kabisa. Mchana nilimwona kwenye foleni ya makande. Alimnong'oneza Mama Zuhura, akachotewa kabla ya chumvi, akaenda kula peke yake kwenye ukuta wa darasa la pili. Ashura aliangalia huku na huku, akaweka kijiko chini. "Saumu, sema ukweli," akaniambia. Sikuweza. Nilikuwa nimechoka na nilimwogopa mama.

Baada ya hapo sikwenda shule tena. Siku tisa nilikaa kwenye mkeka ukumbini, nikiutazama uzi mwekundu ukutani, mafundo yake yakishuka kuelekea nje. Ashura alikuja kila jioni kunisomea masomo. Mwingine alikuja pia, lakini hakuingia. Kupitia uwazi wa mlango niliuona ua wetu wa minyaa, na nyuma yake kipande cha shuka nyekundu kikisimama kidogo, kisha kikiondoka. Nilidhani ni ndoto za dawa. Nilimuuliza bibi.

"Si ndoto," bibi alisema. "Anakuja kila siku. Leo namwita."

Nasieku aliingia akiinamisha kichwa, bibi akamgusa utosini kama wanavyosalimiwa watoto wa Kimasai. Alikaa pembezoni mwa mkeka, mbali nami kidogo, akitii amri hata akiwa ndani ya nyumba. Mkononi alikuwa na kifurushi cha kitambaa. Hatukuwa tumesema lolote mama alipoingia na ndoo ya maji kichwani.

Aliitua ndoo polepole sana. "Umemletea nini mwanangu?"

"Shikamoo, mama. Sijamletea kitu. Baba kanituma dukani."

"Fungua."

Nasieku akafungua. Lilikuwa bonge la kijivu, kubwa kama ngumi.

"Haya ni magadi," mama alisema. Sauti yake ililegea kidogo. Magadi tunayo wote. Ndiyo yanayolainisha maharage, ndiyo yanayoutengeneza mlenda, na dakika ile ile mlenda wangu ulikuwa jikoni, hauna chumvi, bibi amekwisha kuutia magadi.

"Ndiyo, mama. Ni chumvi ya ng'ombe."

"Magadi si chumvi."

"Kwetu ndiyo chumvi yao. Ng'ombe asipolamba haya, anakula udongo." Nasieku akamnyooshea lile bonge. "Lamba, mama."

Mama yangu alikuwa amepikia magadi tangu akiwa mtoto jikoni kwa mama yake, na nadhani hakuwahi kuyalamba. Nani anayalamba? Alikwaruza kwa ukucha akaweka kwenye ulimi. "Ni chumvi," akasema. Kisha akaenda jikoni, akalinyanyua sufuria la mlenda motoni kwa mikono mitupu, akaumwaga wote nje kwenye majani. Bibi alianza kulia. Alikuwa anasema, "Kila siku. Kila siku kwa mkono wangu."

"Kwa mkono wetu, mama," mama alimwambia. Wakakaa chini wote wawili mlangoni mwa jiko.

Hapo ndipo nilipopata mdomo. Nikasema kwamba chumvi niliilamba mimi, kwa Ashura, mara moja, na kwamba Nasieku hakunipa chochote kamwe. Mama alinitazama, akamtazama Nasieku. Kwetu mtu mzima hamwombi mtoto radhi kwa urahisi, maneno hayana pa kupitia. Alisema tu, "Kaa karibu na mwenzio." Nasieku akasogea mpaka bega lake likafika kwenye bega langu.

Mama alimpigia simu Sista Hilda. Upande wa pili tulimsikia: "Mungu wangu. Na mimi jana nimepikia maharage magadi. Wala sikuwaza." Mama Zuhura alipoambiwa alishika kichwa, kwa sababu na yeye aliyatia kwenye makande tangu maharage yanapobandikwa, kabla ya bakuli langu kuchotwa. Sote tuliikimbia chumvi ya mezani huku ile nyingine tukiikaribisha jikoni.

Siku ya nne bila magadi nilianza kukojoa. Sijui niliseme hili kwa adabu gani. Nilikojoa kama mto uliopasua kingo, mchana na usiku, bibi akiimba nje ya choo. Nililala, na ile ndoto ikaja mara ya mwisho. Maji hayakugonga. Yalinyanyuka tu yakatoka, kama wageni wanaoaga mmoja mmoja. Asubuhi mama alipitisha uzi na fundo likaingia ndani vidole viwili. Alilifunga akamwita bibi aje aone. Daktari hakunipeleka mbali.

Dawa zikapunguzwa kidogo kidogo, kidonge kimoja kila baada ya wiki kadhaa. Mashavu ya boga yakapungua, na siku moja mwezi wa nane nilijiona kwenye kioo cha fundi nikajisalimia. Nilirudi kwenye dawati la watu watatu. Maharage bila magadi yalikuwa magumu, yalichemka tangu alfajiri na bado tuliyatafuna kama kokoto, na Ashura alisema gazeti sasa limekuwa ubao. Lakini mwezi huo huo kiangazi kilikauka kupita kiasi, na baba yake Nasieku akahamisha ng'ombe kufuata majani. Waliondoka na familia nzima. Nasieku alikuja kuaga kwa kusimama mlangoni. "Usile chumvi," aliniambia, basi.

Vuli iliporudi, daktari wa Korogwe aliniruhusu. Kidogo tu, alisema, na taratibu. Mama alinunua kopo jipya la chumvi. Nilimwomba asilifungue. Akanielewa, akaliweka juu ya kabati, nasi tukaendelea kula hivyo hivyo wiki tatu zaidi, yeye, mimi na bibi, tukisikiliza mvua.

Walirudi majani yalipoota. Nasieku alikuwa amekonda na amezidi urefu. Ashura alimkimbilia njiani akamuuliza kabla ya salamu kama na huko porini alikuwa anakula bila chumvi. Nasieku alishangaa swali. "Mchana, ndiyo. Si tuliapa?"

Siku hiyo mama alipika makande nyumbani. Yalipoiva alilileta sufuria ukumbini, akaliweka katikati ya mkeka, akamwita Nasieku karibu. Alipiga magoti mbele yake. Mama yangu, kwa mtoto wa miaka kumi na miwili.

"Nasieku, nilikusingizia," alisema. "Nilikufukuza, na wewe ndiye uliyemwokoa. Nisamehe, mwanangu." Akalifungua kopo, akamwekea mkononi. "Tia wewe."

Nasieku alichukua chembe kwa vidole viwili, akazidondosha. Hazikufika kumi.

"Ongeza," mama alisema, machozi yakimtiririka.

Nasieku alitikisa kichwa, akafunika kopo kwa nguvu. "Inatosha, mama. Asije akavimba tena."

Tukachukua vijiko. Ashura alionja, akafumba macho kama ile siku ya kwanza. "Jamani," akasema, "bado gazeti." Bibi alicheka mpaka akajishika mbavu. Lakini mimi niliisikia. Naapa niliisikia chumvi ile, mwisho kabisa wa ulimi.